Arobaini imeisha, mwili bado: namna ya kurudi kwenye tendo la ndoa baada ya kujifungua

Usiku wa siku ya 41 baada ya kumzaa binti yangu wa kwanza, nililala na mume wangu huku nimeuma ncha ya kanga. Nilikuwa nimerudi siku ile ile kutoka kwa mama, Pangani. Nimefukizwa udi, nimepakwa hina, mkaja, ile nguo ya kufunga tumbo la mzazi, nimeufungua asubuhi. Mawifi walikuwa wamepika pilau, na kila mtu mle ndani alijua ule ni usiku gani. Hakuna aliyeniuliza kama kidonda kimepona. Nami sikumwambia mume wangu kwamba nyuzi zilinivuta hata nilipokaa kwenye kiti cha plastiki. Niliona haya. Nilivumilia usiku ule, na wiki nne nyingine.

Binti huyo leo ana miaka 22, na mimi ni mkunga, mwaka wa 19 sasa, hapa Tanga mjini. Swali la tendo la ndoa halijawahi kuwa la kwanza kuulizwa chumbani kwangu. Huja mwisho kabisa, mama ameshambeba mtoto, kadi iko mkononi, ananong'ona akitazama sakafu: "Sista, na yale mambo mengine?" Foleni iko nje, namjibu kwa maneno matatu. Hapa nataka nimjibu vizuri.

Nianze na arobaini yenyewe, maana haikutungwa bure. Kondo la nyuma likishabanduka, pale lilipokuwa limeshika ndani ya kizazi panabaki kidonda cha kama kiganja cha mkono. Damu ya uzazi inatoka hapo. Siku za mwanzo ni nyekundu, halafu inageuka rangi ya kahawia au waridi, mwishoni ni uteute wa manjano au mweupe, na kwa wengi humalizika kati ya wiki ya 4 na ya 6. Muda huo huo kizazi kinarudi ukubwa wake na mlango wake unajifunga. Kuingiliana wakati damu bado inatoka ni kupandisha vijidudu hadi kwenye kidonda kibichi. Kwa hiyo bibi zetu na madaktari wanakutana karibu siku moja, kwani mahudhurio ya mama kliniki baada ya kujifungua ni ndani ya saa 48, siku ya 7, ya 28 na ya 42.

Hilo la siku ya 42 ndilo linaloniuma. Linaangukia kwenye chanjo ya mtoto ya wiki 6. Mama anakuja, mtoto anapimwa uzito, anachomwa sindano, analia, anabembelezwa, wanaondoka. Mama mwenyewe hajapanda kitandani. Mdogo wangu, siku hiyo usiondoke. Sema, "Naomba na mimi niangaliwe." Mshono utazamwe, tumbo lishikwe, presha ipimwe, uulizwe habari ya uzazi wa mpango. Ni haki yako kama chanjo ilivyo haki ya mtoto.

Na kwa sisi Waislamu, wengi wamechanganya. Nifasi, yaani hali ya damu ya uzazi, haifungwi na hesabu ya siku 40 kamili. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi hapa pwani, siku 40 ndiyo desturi ya wanawake wengi na kikomo ni 60. Damu ikikatika siku ya 25 unakoga na kuswali. Ila kuruhusiwa na dini hakumaanishi mshono wako umepona. Mwingine amekoga nifasi yake vizuri na bado hawezi kuchuchumaa.

Basi tarehe ikishafika, jiulize wewe. Damu imekoma kabisa, au bado inarudi-rudi ukifanya kazi? Ukikaa, ukienda haja, ukikohoa, panavuta? Na moyoni unataka, au unataka yaishe tu?

Namna ya kujua hali ya kidonda bila kusubiri usiku wa mtihani ni hii. Ukishakoga maji ya uvuguvugu, mtoto amelala, mlango umefunga, kata kucha na unawe mikono kwa sabuni. Chukua kioo kidogo, tazama. Usiogope ulichokiona, sehemu hiyo haifanani na ilivyokuwa kabla, ni kawaida. Gusa msamba, yaani pale katikati ya uke na njia ya haja kubwa, ubonyeze taratibu. Kisha kwa kidole kimoja kilicholainishwa, ingiza kidogo kidogo. Kidole kimoja kikiuma, jibu umelipata, wala hakuna haja ya kujaribu kikubwa zaidi. Rudia baada ya wiki.

Aliyechanika kidogo au asiyechanika hupona mapema. Aliyeongezewa njia na kushonwa huchukua muda zaidi, ingawa nyuzi zenyewe huyeyuka. Aliyechanika hadi kwenye misuli ya haja kubwa asirudi kwenye tendo mpaka daktari amwone, hata kama ni miezi. Na aliyejifungua kwa operesheni, watu humwambia "huku chini hakukuguswa, unangoja nini?" Anangoja kidonda kile kile cha kondo, ambacho hakijali mtoto alipitia wapi, na anangoja tumbo lililokatwa tabaka kwa tabaka. Yeye naye asubiri damu ikome na mshono usiume ukibonyezwa, na wakianza asilaliwe tumboni.

Sasa mume. Hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu, kwa sababu tunafundwa kumpendeza na hatufundwi kumwambia.

Nitakusimulia mmoja. Alikuja binti wa miaka 20 na kitu, mtoto wa miezi mitatu, anasema kila wakijaribu analia. Mumewe alikuwa nje, amekaa juu ya bodaboda yake chini ya mwarobaini. Nikamwuliza yule binti kama naweza kumwita, akakubali. Kijana akaingia amevua kofia. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, kaa hapa." Shuka la kitanda changu cha kupimia lilikuwa limechanika zamani na kushonwa kwa mkono. Nikamwambia alivute pale penye mshono. Akavuta. Kitambaa pembeni kikanyooka, mshono ukabaki mkavu, umekunjamana. "Vuta tena." Ukabaki vile vile. Nikamwambia, mshono wa mwilini nao hukaa hivyo, umepona lakini haujalainika, unataka kuzoeshwa taratibu. Akakaa amelishika lile shuka, analitazama. Kisha akasema, si kwangu, kwa mkewe: "Mimi nilidhani unanikwepa."

Wanaume wengi wanadhani hivyo, kwa kuwa hatuwaambii. Na wengine wameogopa wenyewe. Wameona damu, wamesikia makelele ya uchungu, wanaogopa kumuumiza mwenzao, wanakaa mbali. Mke naye anadhani hatamaniwi tena. Nyumba moja, watu wawili, kila mmoja anamsubiri mwingine.

Mwambie mchana. Usisubiri kitandani, taa imezimwa na mkono wake umeshakufikia. Hapo kila neno litasikika kama kukataliwa. Mwambie akiwa anakunywa chai, au kama bado uko kwa mama, mwambie kwenye simu. Maneno yasiwe mengi: "Mume wangu, nimekukumbuka. Ila pale niliposhonwa bado panauma. Nataka tulale tumekumbatiana, na siku nikiwa tayari nitakwambia mimi." Ukisema hivyo umempa vitu viwili, kwamba unamtaka, na kwamba neno la kuanza litatoka kwako. Mwanaume aliyeambiwa hivyo anaweza kukusugua mgongo bila wewe kukaza mwili ukihofia mgongo utaishia wapi. Kukumbatiana, kubusiana, kushikana kwa mikono, hayo hayana arobaini.

Mimi sikusema. Siku moja nilipompeleka mtoto chanjo, mkunga mzee aliniona nimekaa upande upande kwenye benchi. Akaniuliza pembeni, kwa sauti ya chini, nikalia. Akanipima, akanionyesha kovu gumu kama uzi wa ukili, akanifundisha kulikanda. Jioni nikamwambia baba watoto. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Wiki nne nakuumiza, na ukanyamaza?" Tulipumzika miezi miwili. Hakwenda popote.

Kukanda kovu ni hivi: kidonda kikiwa kimefunga kabisa, baada ya wiki 6, weka mafuta safi ya nazi kwenye kidole gumba, kiingize kidogo tu, bonyeza kuelekea chini na pembeni mpaka uhisi panavutika lakini hapaumi, shikilia, achia. Dakika 5 kila siku zinatosha. Na mazoezi ya misuli ya nyonga anza mapema, hata wiki ya kwanza, kama huna mpira wa mkojo na hapaumi sana: bana kana kwamba unazuia mkojo na hewa kwa pamoja, hesabu hadi 5, legeza kabisa, rudia mara 10, mara tatu kwa siku. Usiyafanye wakati unakojoa. Kulegeza ni muhimu kama kubana, hasa kwako uliyekaza mwili kwa hofu.

Halafu ukavu. Anayenyonyesha hupungukiwa na homoni ya estrojeni, na estrojeni ndiyo inayoufanya uke uwe laini na wenye majimaji. Kwa hiyo unaweza kumpenda mumeo, ukamtamani kwa moyo wote, na bado ukawa mkavu. Hukurogwa, wala hujapoa. Nunua kilainishi cha maji duka la dawa, tumieni kwa wingi, mpake na yeye. Mkitumia kondomu, msipake mafuta ya nazi wala Vaseline, mafuta hula mpira na kondomu itapasuka. Ukavu ukizidi hata kwa kilainishi, mwambie daktari, ipo krimu ya homoni ya kupaka ambayo yeye ndiye wa kuiandika.

Nina neno zito kwa masomo, yaani makungwi, na mashangazi. Shabu, majani ya kujibana, mvuke mkali wa kuchuchumalia, maji ya moto ya kujikanda chini: acheni kumpa mzazi vitu hivyo. Shabu hukausha na kuchubua, na ngozi iliyochubuka ni mlango wa maradhi. Wanawake nimewatibu wakiwa wameungua. Uke hurudi wenyewe, na misuli ya nyonga hurudishwa na mazoezi niliyoyataja, bila kupeleka kitu ndani. Uji wa pilipili manga mpeni, mchuzi wa samaki mpeni, mkandeni mgongo na miguu, hayo nayapenda na mimi nilikandwa.

Siku yenyewe ikifika, mnyonyeshe mtoto kwanza. Atalala, na matiti yatakuwa mepesi. Hata hivyo maziwa yanaweza kuchuruzika mwanamke anapofika kileleni, kwa sababu homoni inayotoa maziwa hutoka na wakati huo pia. Tandika kanga, msishtuke. Nenda kakojoe. Mchukue muda mrefu wa kushikana kuliko mlivyozoea zamani. Mke akae juu, au mlale ubavu, ili yeye ndiye aamue kina na kasi. Mwanzo mume asitikise, atulie mpaka mke aseme. Ikiuma, mnatoka. Mnaweza kuishia hapo, mkalala. Si lazima siku ya kwanza ikamilike, na mtoto akiamka katikati, kama atakavyoamka, mcheke mkaendelee kesho.

Tukija kwenye kubemenda. Huku kwetu mtoto akikonda, macho ya watu hayaendi kwenye sufuria, yanaenda kwa wazazi: wamembemenda, wamelala pamoja kabla hajaanza kutembea, au mmoja ametoka nje. Nimewaona akina mama wanaogopa kuguswa mwaka mzima kwa ajili hiyo. Mwenzangu, manii hayaingii kwenye maziwa. Hakuna mshipa unaotoka chini kwenda titini. Tendo la ndoa halimdhuru mtoto anayenyonya.

Lakini wazee walikuwa wameona jambo. Mama akipata mimba upesi, mkubwa huachishwa ziwa mapema, hupewa uji mwepesi, hukonda, huvimba miguu. Ni ugonjwa ule ule ambao daktari Cicely Williams aliuandika miaka ya 1930 akiwa Gold Coast, Ghana ya leo, akautaja kwa jina la wenyeji Waga: kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto anayepokonywa nafasi na mdogo wake. Na kuhusu kutoka nje: mama akiambukizwa VVU wakati ananyonyesha, siku za mwanzo virusi huwa vingi mno mwilini, na mtoto yuko kwenye hatari kubwa kupitia maziwa. Basi pimeni wote wawili kabla ya kuanza, na kama kuna shaka yoyote tumieni kondomu. Mama ambaye tayari anatumia dawa asikose hata siku moja.

Kinga ya kubemenda, kwa hiyo, ni uzazi wa mpango. Na hapa usiniambie unasubiri hedhi kwanza. Yai hutoka kabla ya hedhi. Asiyenyonyesha anaweza kushika mimba kuanzia wiki ya 4 hivi. Anayenyonyesha ana kinga nzuri kama mambo matatu yapo kwa pamoja: hedhi haijarudi, mtoto ananyonya maziwa ya mama tu usiku na mchana, na hajafika miezi 6. Yakiwa yote matatu, wanaoshika mimba hawazidi 2 kati ya 100. Moja likikatika, ukianza kumpa maji au uji, au ukirudi kazini na mtoto anashinda na chupa, kinga imekatika.

Vijiti unaweza kuwekewa hata kabla hujaondoka wodini. Kitanzi huwekwa ndani ya saa 48 za kujifungua, au baada ya wiki 4. Sindano ya miezi mitatu, kwa anayenyonyesha, baada ya wiki 6. Vidonge vyenye homoni mbili usivitumie ukiwa unanyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6, vinaweza kupunguza maziwa. Omba vile vya homoni moja. Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua ndipo mtafute mimba nyingine. Kwenye vituo vya serikali huduma hii ni bure, tafuta nyota ya kijani ukutani.

Na kama mwili umepona, hamna maumivu, na bado huna hamu? Wengi wako hivyo kwa miezi. Unaamka mara nne usiku, unafua, mtu mmoja anakunyonya kutwa, na jioni mwingine anataka kukugusa. Usingizi wa mchana wa saa moja, mume akimbeba mtoto, umerudisha hamu nyumba nyingi kuliko dawa za kienyeji. Lakini kama imepita zaidi ya wiki mbili unalia bila sababu, hulali hata mtoto akilala, humtazami mtoto kwa furaha, unafikiria kujidhuru, hiyo inaweza kuwa sonona ya baada ya kujifungua. Inatibika. Njoo leo, usingoje tarehe ya kadi.

Anayelazimishwa naye aje. Ndoa haimpi mtu ruhusa ya kukuingilia ukiwa na kidonda unalia. Mwambie nesi, na polisi kuna dawati la jinsia.

Njoo pia kama damu nyekundu imerudi kwa wingi, uchafu unanuka, una homa, mkojo au kinyesi vinavuja bila wewe kutaka, au tendo bado linauma baada ya miezi mitatu. Anayevuja asijifiche ndani. Fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo au kinyesi, inatibika, na hospitali ya CCBRT Dar es Salaam wanaitibu bure.

Ukifika na ukaona haya, au kuna mwanaume amekaa karibu na dirisha, usihangaike kutafuta maneno. Sema, "Nina maumivu tangu nijifungue, naomba kuonana na mkunga faragha." Atakuelewa, na atakufungia mlango.